Flapu za ndege ya kujijengea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Malindi na Lamu

Majibu haya ni ya mtu anayejijengea ndege ndogo ya kiti kimoja au viwili, au aliyeinunua kwa mwenzake aliyeijenga, na anairusha huku pwani. Ni maswali yanayorudi kila watu wanapokaa chini ya bawa kungoja upepo upungue. Kitabu cha ndege yako kikisema tofauti na yaliyo hapa, fuata kitabu.

Flapu hufanya kazi gani hasa?

Flapu ni kile kipande cha nyuma ya bawa, upande wa karibu na mwili wa ndege, kilichofungwa kwa bawaba. Kikishushwa, bawa lote linapinda zaidi na hewa inayolipita inasukumwa chini kwa nguvu zaidi. Nahodha wa jahazi anaijua kazi hii bila hesabu: tanga lililolegezwa likajaa tumbo huvuta vizuri upepo ukiwa mdogo, na lililokazwa likanyooka ndilo la kwendea joshi.

Faida ya kwanza ni kuweza kwenda polepole bila kuanguka. Unyanyuzi wa bawa hutegemea wingi wa hewa, eneo la bawa, mpindo wake, pembe yake na upepo, na mraba wa mwendo. Huo mraba ndio wa kushika. Bawa likiongezewa thuluthi moja ya uwezo wake wa juu wa kunyanyua, mwendo wa stoli, yaani ule mdogo kabisa wa kuruka, hushuka kwa asilimia 13 hivi: ndege iliyokuwa ikistoli kwa noti 50 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa) sasa itafika 43. Noti saba zinaonekana si kitu, lakini nguvu ambayo breki zako zitapaswa kuimaliza ukishagusa ardhi imepungua robo nzima, kwa sababu nayo hufuata mraba wa mwendo.

Kwa wageni wa mambo haya: stoli haihusu injini, kama madereva wengi wanavyodhani. Ni pale bawa linapoinuliwa pua kupita kiasi, hewa ikaachana na mgongo wake, unyanyuzi ukaporomoka. Injini inaweza kuwa inanguruma vizuri kabisa.

Faida ya pili ni ukinzani, yaani hewa kuizuia ndege isikimbie. Ndege za kisasa za kujijengea zina mwili laini sana. Ukielekeza pua chini kuwahi uwanja, zinakimbia badala ya kushuka. Flapu hukuwezesha kushuka kwa mteremko mkali bila mwendo kupanda, na pua ikiwa chini unaiona njia ya kutulia.

Mbona ndege nyingine hazina flapu kabisa?

Nyingine hazizihitaji. Pietenpol Air Camper, ambayo watu wamekuwa wakiijenga majumbani tangu miaka ya 1930, ina bawa kubwa, uzito mdogo, na nguzo na nyaya za kutosha kuleta ukinzani wote unaoutaka. Piper J-3 Cub ya kiwandani vivyo hivyo. Rubani akiwa juu mno huiteremsha ndege ubavuubavu, eleroni (vile vipande vya nje ya bawa vinavyoilaza ndege kulia na kushoto) huku na usukani wa mkia kule, na inashuka.

Nyingine haziwezi kuzibeba. Long-EZ ya Burt Rutan, iliyoruka mara ya kwanza 1979, ina bawa dogo mbele na bawa kubwa nyuma. Ukiweka flapu kwenye bawa kubwa, nyuma ya ndege itanyanyuka na pua itazama, na lile bawa dogo la mbele halina nguvu ya kuirudisha juu. Rutan aliiwekea breki ya hewa chini ya tumbo, na mwenye ndege akakubali kutafuta njia ndefu ya kutulia. Kwa mtu mwenye ndoto ya kutua kwenye viwanja vya mchanga kaskazini ya Lamu, ndege hiyo si yake, hata iwe nzuri vipi kwa macho.

Kuna aina gani za flapu?

Ya kawaida ni kipande cha bawa kinachopinda chini kwenye bawaba, basi. Ndege ya kujijengea ya Van's RV-7 na ndugu zake wengi wanayo. Ni nyepesi, ni rahisi kujenga, na kwa njia ya lami inatosha.

Ya kupasuka hufunguka kwa chini tu, mgongo wa bawa ukabaki ulivyo. Hii Orville Wright, yule yule wa ndege ya kwanza, na mwenzake James Jacobs waliisajilia hakimiliki 1924. Ina ukinzani mwingi kuliko unyanyuzi na leo ni nadra kuiona katika miundo mipya.

Yenye mwanya ndiyo ya kuipenda. Ikishuka, upenyo mwembamba hufunguka kati yake na bawa. Hewa ya chini hupenya na kwenda kuipa nguvu ile ya juu iliyokuwa imechoka, nayo inaendelea kushika mgongo wa flapu badala ya kuachana nao. RV-9 na RV-10 zinazo. Fowler, iliyochukua jina la Mmarekani Harlan Fowler, huteleza nyuma kwanza ndipo ishuke, hivyo eneo la bawa nalo linaongezeka. Kazi yake ni nzuri lakini reli na vigurudumu vyake ni mzigo kwa mjenzi wa nyumbani.

Halafu kuna zile za mtindo wa Junkers, zinazoning'inia chini na nyuma ya bawa kama bawa dogo la pili, zikifanya kazi ya flapu na eleroni kwa pamoja. Kitfox inazo. Zenith CH 701 ya Chris Heintz inazo kwa urefu wote wa bawa, na mbele ya bawa imewekewa slati (vibawa vyembamba vya kuongoza hewa) zisizosogea, ndiyo maana inapaa na kutua mahali pafupi mno. RV-12 nayo huchanganya flapu na eleroni, ingawa kwa umbo tofauti. Kasoro ya mpango huu: ukizishusha sana, uwezo wa kuilaza ndege kulia na kushoto unapungua, na ndipo hasa unapouhitaji.

Digrii 10, 20, 30, 40: tofauti iko wapi?

Watu wengi hudhani digrii 40 ni mara mbili ya 20. Sivyo. Kwa flapu ya kawaida, sehemu kubwa ya unyanyuzi wa nyongeza unaipata katika digrii 20 za kwanza, ukinzani ukiwa bado wa kuvumilika. Baada ya hapo hewa haiwezi tena kufuata kona ile kali, inaachana na mgongo wa flapu, na kila digrii unayoongeza inaleta unyanyuzi kidogo na ukinzani mwingi. Nusu ya kwanza ya mwendo wa flapu unanunua unyanyuzi. Nusu ya pili unanunua breki. Flapu yenye mwanya inasogeza mpaka huo mbele kidogo, lakini mpaka upo.

Ndiyo sababu swali la "digrii ngapi" halina jibu mpaka useme unataka nini. Unataka kupaa mapema? Chukua zile za mwanzo. Umefika uwanjani ukiwa juu mno? Hapo ndipo za mwisho zinapolipa. Hata viwanda vilijifunza hivyo: Cessna 172 za zamani zilishuka hadi digrii 40, lakini kuanzia modeli ya 172P ya 1981 kikomo kikawa 30. Zile kumi za mwisho zilikuwa zikiiburuza ndege rubani alipoghairi kutua na kutaka kupanda tena.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyasahau. La kwanza, flapu zikiwa chini bawa linastoli pua ikiwa chini zaidi kuliko ulivyozoea. Aliyejifunza kuitambua stoli kwa kuona pua imeelekea mbinguni atadanganyika. Inaweza kumpata pua ikiwa sawa na upeo wa macho, au chini yake. La pili ni nguvu ya muundo. Ndege ndogo za kawaida hutengenezwa kuvumilia mara 3.8 ya uzito wake flapu zikiwa juu, na mara 2 tu flapu zikiwa chini. Kona kali na flapu hazikai pamoja.

Na namba iliyoandikwa kwenye mkono wa flapu ni ya mkono. Bawa halisomi maandishi. Kama hujapima, hujui una digrii ngapi, tutafika huko.

Nikishusha flapu, pua inapanda au inashuka?

Inategemea ndege, na ndiyo maana usimsikilize jirani mwenye ndege nyingine. Nguvu mbili zinashindana. Bawa lenyewe likipinda hutaka kuzungusha pua chini. Wakati huohuo hewa inayotoka nyuma ya bawa inaelekea chini zaidi, inaupiga mkia kwa juu, mkia unashuka na pua inapanda. Kwenye Cessna za bawa la juu mkia hushinda na pua hupanda. Kwenye ndege nyingi za bawa la chini, pua hushuka. Ukiijenga mwenyewe, yako utaijua siku ya majaribio, nayo andika kwenye kitabu kwa maneno yako: "digrii 20, noti 70, vuta kidogo", au "sukuma".

Nipae na digrii ngapi Malindi?

Njia ya lami ni ndefu kwa ndege ya kujijengea, kwa hiyo sifuri au 10 zinatosha. Flapu za kupaa hufupisha mbio za ardhini lakini zinapunguza mwinuko wa kupanda. Njia ikiwa ya mchanga au nyasi, na mwisho wake ni wazi, digrii 10 hadi 20 zinasaidia kuyatoa magurudumu mapema kwenye kile kinachoyashika. Mwisho wake ukiwa na minazi, soma kitabu kwanza; mara nyingi flapu chache ndizo zitakazokuvusha.

Kinachowapoteza watu wa pwani ni hewa. Wahandisi huhesabu hewa ya kawaida kuwa na nyuzi joto 15 kwenye usawa wa bahari. Kila nyuzi joto moja juu ya hapo, ndege inajiona iko futi 120 hivi juu zaidi. Mchana wa Februari wenye nyuzi joto 32, ndege iliyoko Malindi inaruka kana kwamba iko futi 2,000, na unyevu wetu unaongeza kidogo. Hilo tunalibeba kila siku bila kulijua. Sasa ipeleke ndege hiyohiyo Wilson, Nairobi, ulio futi 5,500 hivi juu ya bahari, mchana wa nyuzi joto 25, wakati hewa ya kawaida ya urefu ule ni nyuzi joto 4 hivi: inajiona iko futi 8,000. Digrii 20 ulizozoea Malindi zitakunyanyua kule pia, kisha zitakuacha ukielea juu ya njia bila nguvu ya kupanda. Mita ya mwendo haitakuonya, kwa maana ndege inastoli kwa namba ileile kwenye mita. Kinachobadilika ni mwendo wako halisi juu ya ardhi, urefu wa mbio, na pumzi ya injini.

Ukishapaa, rudisha flapu ukiwa na urefu wa kutosha na mwendo unaopanda. Hatua moja, subiri, hatua nyingine. Ukizirudisha zote kwa mpigo ndege itazama.

Na kutua wakati wa kusi au kaskazi?

Kusi hutoka kusini-mashariki na hukaza kuanzia Juni hadi Agosti. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, Desemba hadi Machi. Juu ya hizo, kila alasiri kuna upepo wa baharini unaojiongeza. Matokeo yake ni kwamba mchana upepo wa ubavu ni jambo la kawaida huku, na asubuhi mapema, umande ukivuma kutoka bara, ni nadra usumbue.

Upepo wa ubavu ukiwa na nguvu, tua na flapu chache. Bawa lenye flapu kamili linaendelea kutaka kuruka baada ya magurudumu kugusa, na upepo unapata kitu cha kunyanyua. Flapu chache maana yake mwendo zaidi kidogo, na mwendo huo huipa eleroni na usukani nguvu. Kawaida mwendo wa kukaribia ni mara 1.3 ya mwendo wa stoli kwa mpangilio ulio nao; upepo ukija kwa mapigo, ongeza nusu ya tofauti. Ukivuma noti 15 na kupiga hadi 25, ongeza 5. Ukiongeza kumi, utaelea hadi nusu ya njia.

Uwanja wa Lamu uko kisiwani Manda, ng'ambo ya mji, abiria wakimalizia kwa boti. Pale mazoea ya Malindi hayatoshi: upepo unaotoka baharini ukapita juu ya miti huvurugika ukikaribia ardhi, na ndege nyepesi huhisi kila mkunjo. Mtu mwenye CH 701 anaweza kushangaa zaidi kuliko mwenye RV, kwa sababu ndege yake inaruka kwa mwendo mdogo na kila pigo la upepo kwake ni sehemu kubwa ya mwendo wote.

Kuhusu kushuka ubavuubavu huku flapu zikiwa chini: baadhi ya ndege huruhusu, baadhi hukataza. Vitabu vya zamani vya Cessna 172 vinaonya. Yako ijaribu juu kabla hujaihitaji chini.

Nirudishe flapu mara tu nikigusa ardhi?

Kwenye njia fupi inasaidia, maana uzito unahamia kwenye magurudumu na breki zinashika. Lakini kama ndege yako ina magurudumu ya kukunja na swichi mbili zinazofanana, acha mkono ulipo mpaka utoke njiani, usije ukakunja magurudumu. Kwenye ndege ya bawa la chini, zirudishe kabla ya kutembea kwenye changarawe. Propela na matairi hurusha mawe, na bati la chini ya flapu ndilo linalopigwa.

Nikighairi kutua?

Nguvu yote ya injini kwanza, pua mahali pa kupandia, kisha flapu kwa hatua. Zile digrii za mwisho, zenye ukinzani mtupu, ziondoe mara moja. Hadi 20 hivi baki nazo mpaka mwendo upande. Lifanyie mazoezi ukiwa futi 3,000 na abiria wa uzito wa kweli, au mifuko ya mchanga. Ndege yenye injini ya nguvu farasi 80 na watu wawili walioshiba pilau haipandi kama ulipoijaribu peke yako.

Injini ikizima kati ya Malindi na Lamu, nishushe flapu lini?

Baadaye kuliko mkono wako utakavyotaka. Njia ya moja kwa moja inakatiza Ghuba ya Ungwana, kutoka Ngomeni hadi upande wa Kipini, na si wote wanaofuata ufuo. Tuseme ndege yako huteleza hatua kumi mbele kwa kila moja ya kushuka. Ukiwa futi 3,000 una kilomita 9 hivi. Ukishusha flapu zote na uwiano ukawa sita kwa moja, una 5 na nusu. Hizo tatu na nusu zilizopotea ndizo tofauti kati ya mchanga na maji.

Flapu zibaki juu mpaka uwe na hakika kabisa ya mahali unapotua. Kisha zishushe zote, ili uguse polepole. Ufuo wa Malindi ni mpana maji yakipwa, na maji yakijaa ni hadithi nyingine, kwa hiyo jedwali la maji kupwa na kujaa liwe sehemu ya maandalizi ya safari. Wavuvi wanalijua bila kusoma, waulize. Mwisho, jiulize umeokoa dakika ngapi kwa kukatiza ghuba. Mimi hufuata ufuo.

Alama nyeupe kwenye mita ya mwendo ina maana gani? Nikiipita kidogo?

Mwanzo wake wa chini ni mwendo wa stoli flapu zote zikiwa chini. Mwisho wake wa juu ni mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa flapu zikiwa chini. Mwanzo wa alama ya kijani ni stoli flapu zikiwa juu. Kama ndege umeijenga wewe, alama hizo umezichora wewe, na zina thamani ya vipimo vyako tu.

"Kidogo" hakipo. Kikomo kikiwa noti 80 na ukaenda 90, mzigo kwenye flapu umeongezeka kwa zaidi ya robo. Kinachoanza kulia si bati. Ni mabano ya bawaba na fimbo ya kusukumia, sehemu usizoziona. Ukipita, tua, fungua, kagua matundu ya ribiti kama yamerefuka, na uandike.

Upande mmoja ukigoma kushuka?

Ndege italala upande ule ulio juu, ghafla. Rudisha mkono au swichi pale ilipokuwa, mara hiyohiyo. Usijaribu tena "kuona kama imekubali". Tua bila flapu, kwa mwendo zaidi, kwenye njia ndefu.

Mjenzi ana nafasi ya kuizuia hatari hii tangu mwanzo: bomba moja la chuma linalounganisha flapu zote mbili, lisukumwe na mkono au mota moja. Mipango ya mota mbili, kila bawa na yake, niliyowahi kuiona michoroni inaokoa uzito na inaongeza usiku wa kukosa usingizi.

Mkono wa kuvuta au mota ya umeme?

Mkono. Hauhitaji betri, unajua ulipo bila kutazama, na unahisi mzigo wa hewa kabla hujapita kikomo. Mota ina sifa yake kwenye kokpiti finyu. Ukiichagua, weka swichi inayorudi katikati yenyewe ukiiachia, na fyuzi yake pekee.

Nazipimaje digrii kwa usahihi?

Kazi hii inastahili siku nzima, na si siku ya upepo. Isawazishe ndege kwanza kwa boriti za mwili zilizotajwa kwenye ramani, mbele hadi nyuma na kulia hadi kushoto, kisha iwekee vigingi isiyumbe. Tafuta sifuri: flapu iwe katika mstari mmoja na umbo la bawa, ukitumia kiolezo cha mbao kilichochongwa kufuata ubavu wa bawa. Hapo pima-maji ya kidijitali, inayouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi, isome 0 ukiwa umeiweka juu ya flapu.

Shusha hatua ya kwanza. Pima karibu na mwili, pima mwisho wa nje, bawa la kulia na la kushoto. Vipimo vya flapu moja vikitofautiana mwanzo na mwisho, imejipinda, na hakuna marekebisho ya fimbo yatakayoiponya. Ramani yako ina kiasi cha tofauti kinachovumiliwa kati ya kulia na kushoto. Kama haina, mimi singeridhika na zaidi ya nusu digrii. Ukipata fundi wa majahazi wa Matondoni, kisiwani Lamu, akusaidie kuchonga mbavu za mbao, mpe karatasi yenye vipimo, usimpe maelezo ya mdomo. Jicho lake linaweza kunyoosha ubavu wa jahazi zima, ila nusu digrii hakuna jicho liionayo.

Kisha mwambie mtu aisukume flapu juu kwa viganja, kwa upole, ikiwa chini kabisa. Ikicheza, au kebo ikinyooka, angani hewa itafanya hivyohivyo: 40 ya karakana itakuwa pungufu yake hewani. Tafuta beringi au bushi iliyolegea kabla ya kuongeza urefu wa fimbo. Ukimaliza, andika jedwali la digrii halisi na ulibandike mbele ya rubani. Kama mkono umeandikwa 30 na kipimo ni 27, andika 27.

Nikiziba mwanya kwa tepu, ndege haitakwenda mbio zaidi?

Kwa eleroni na kwa flapu ya kawaida, kuziba kunaweza kusaidia. Kwa flapu yenye mwanya umeiua. Uliinunua kwa ajili ya upenyo huo.

Kuna faida kupandisha flapu juu ya sifuri?

Kwa baadhi ya ndege, ndiyo. RV-10 hupandisha flapu digrii 3 juu wakati wa safari, na ndege nyingi zisizo na injini zenye flapu hufanya hivyo: mpindo ukipungua, bawa linapita kwa ukinzani mdogo mwendo ukiwa mkubwa. Lakini umbo la bawa lazima liwe limebuniwa hivyo. Usijaribu kwa kuchonga kizuizi cha mkono.

Chumvi ya huku inafanya nini?

Inakula bawaba. Pini ya chuma ndani ya bawaba ndefu ya aluminiamu, pamoja na unyevu wa chumvi, ni betri ndogo inayojitafuna usiku na mchana. Osha kwa maji baridi baada ya kila safari ya ufuoni, chini ya flapu hasa, kausha, kisha tia mafuta mepesi ya kufukuza maji. Vumbi jekundu au jeupe likitoka kwenye bawaba, pini itoke ikaguliwe. Ndege ikilala nje kwa wiki, angalia nyigu pia: hujenga kwa udongo ndani ya mirija ya mita ya mwendo, na kwenye mabomba ya flapu yaliyo wazi. Mfuniko wa kitambaa chekundu hauna gharama.

Majaribio ya kwanza yaweje?

Asubuhi, umande ukiwa bado, futi 4,000, juu ya nchi kavu na mbali na mji. Mwendo uwe katikati ya alama nyeupe. Shusha hatua ya kwanza na usubiri: inalala upande? Pua inakwenda wapi? Kuna mtetemo? Rudisha. Rudia kwa hatua ya pili, na kadhalika. Baadaye fanya stoli kwa kila hatua, ukipunguza mwendo noti moja kwa sekunde, na uandike namba inayoonekana kwenye mita. Mita husoma chini ya ukweli bawa likiwa na pembe kubwa, lakini namba utakayoitumia ni hiyo inayoonekana, ilimradi ni ndege hiyohiyo na mita hiyohiyo.

Safari ya kwanza kabisa tua kwa mpangilio ambao umekwisha ujaribu juu, hata kama ni sifuri. Hakuna anayekuhesabia umbali uliotumia.

Naweza kuongeza ukubwa wa flapu, au digrii, kupita ramani?

Swali hili huja na sauti ya mtu ambaye tayari ana mkasi wa bati mkononi. Flapu kubwa zaidi inaongeza mzigo kwenye boriti ya nyuma ya bawa, ambayo mbunifu aliihesabu kwa flapu yake. Inaongeza nguvu inayouzungusha mwili, hivyo mkia unaweza kuishiwa uwezo wa kuinua pua wakati wa kutua, hasa rubani na abiria wakiwa mbele na tangi likiwa tupu nyuma. Inapunguza eneo la eleroni, kama umelikata kwao. Na mwendo wa juu wa flapu unabaki kutojulikana mpaka uhesabiwe upya.

Mwandikie mbunifu au kampuni ya vifaa kwanza. Mara nyingi ameshaulizwa na ana jibu. Pili, zungumza na mkaguzi wa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kabla hujakata bati, kwa kuwa ndege yenye usajili wa 5Y, yaani wa Kenya, ikibadilishwa bila idhini inahatarisha kibali chake, na bima nayo itauliza. Idhini ikipatikana, unarudia vipimo vya digrii, uzito na mizani, na stoli zote, kisha alama nyeupe inachorwa upya.